Bunduki Rahisi: Tuihukumu kwa Nini?

Wasomaji wa upande wa Kasaji wanajua kazi ya bunduki ya marisau: kupiga kanga, na kufukuza nguruwe-mwitu katika mihogo. Lakini bunduki ya bei ndogo itokayo ng'ambo huwagawanya watu. Wengine husema kila kitu rahisi ni takataka. Wengine hutazama bei peke yake. Wote hawajaitazama bunduki.

Wale wa kwanza wana sababu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingia katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango kwa zile za gumegume. Kwa hiyo watu wetu walizoea kuuziwa kitu hafifu. Hata hivyo, bei si shahidi. Mashahidi ni watatu.

Wa kwanza ni muhuri. Huko Liège, Ubelgiji, nyumba ya kujaribu bunduki ilianzishwa mwaka 1672. Mtutu hujaribiwa kwa nguvu kupita ile ya kawaida. Ukistahimili, hupigwa muhuri. Wa pili ni chumba cha risasi. Kalibre 12 hazilingani zote: kuna chumba cha milimita 65, cha 70, na cha 76. Risasi ya 70 huweza kuingia katika chumba cha 65, maana mdomo wake umekunjwa. Lakini ikifunguka hukosa nafasi, na nguvu ya baruti hupanda mno. Hapo hatari ni macho na vidole vya baba wa jamaa. Wa tatu ni bawaba: ifunge bunduki bila risasi, uitikise. Ikicheza, iache.

Basi, tuseme bunduki mbili zina bei moja ndogo. Moja ina mitutu miwili na maua yaliyochorwa. Nyingine ina mtutu mmoja na mti mtupu, kama zile za Baikal zitokazo Izhevsk, Urusi. Mimi nasema chukua ya pili. Kuunganisha mitutu miwili ipige mahali pamoja ni kazi ngumu ya fundi, na bei ikipunguzwa, kazi hiyo ndiyo hupunguzwa. Ni kweli, ile ya mtutu mmoja haipendezi, na kifyatuo chake huwa kigumu. Lakini kosa hilo huchosha mkono tu, haliukati. Wazee walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.