Busia Mbili na Alama Zake: Uhakiki wa Fikra ya Maarifa Yanayokokotoleka

Mwaka 2015 Stephen Wolfram alichapisha kitabu cha kuwafunza wanaoanza lugha ya kompyuta iitwayo kwa jina lake, Wolfram Language. Kwa upande wa ufundishaji kitabu hicho kinastahili sifa, kwani mwanafunzi hutenda kwanza, kisha huelezwa. Lakini kilichonivuta kukihakiki si mbinu zake, bali ni dai lililo nyuma yake, kwamba maarifa ya ulimwengu yaweza kuandikwa kwa alama ambazo mashine itazikokotoa kama tukokotoavyo hesabu. Dai hili ni kongwe. Leibniz, mwanafalsafa Mjerumani wa karne ya 17, alitamani lugha ya namna hiyo, ili watu wakibishana waketi wapige hesabu. Wolfram, aliyetoa programu ya Mathematica mwaka 1988 na kufungua Wolfram|Alpha mwaka 2009, amelisogeza karibu na utendaji.

Msingi wake ni kwamba kila kitu, kiwe namba, picha, mji au sentensi, ni usemi wa alama, na kukokotoa ni kugeuza usemi mmoja kuwa mwingine kwa kufuata kanuni. Mwalimu wa Kiswahili asiiogope fikra hii. Tusemapo “kitabu kimepotea” na “vitabu vimepotea” twafuata kanuni za jinsi hiyo hiyo. Na ndiyo sababu Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliweza, tangu mwaka 1985, kuujenga mfumo wa SALAMA unaochanganua maneno ya Kiswahili kwa kanuni. Mwenye kusema kwamba lugha yetu haikokotoleki hajapata kuifundisha.

Tuijaribu basi fikra hiyo hapa mpakani. Mtu akisema “nakwenda Busia”, mashine haina budi kuuliza: Busia ipi? Kuna mji wa Busia wa Kenya na mji wa Busia wa Uganda, na katika lugha ya Wolfram kila mji ni alama yake, iliyofungwa pamoja na jina la nchi. Jambo hili lamfaa mwenye kutafuta idadi ya wakazi. Lakini mama auzaye dagaa, aliyevuka asubuhi na kurudi jioni, hakwenda miji miwili; alikwenda sokoni. Wasamia wako pande zote mbili, na Wateso kadhalika. Tena alama isiyotiwa tarehe hudanganya: hadi mwaka 1902, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulipohamishiwa upande ambao sasa ni Kenya, pande zote mbili zilihesabiwa kuwa Uganda, na Busia ya Uganda ilikuwa katika wilaya ya Tororo hadi 1997. Lugha hii yaweza kuyabeba hayo yote, hilo sikatai. Swali ni nani atakayeyaandika.

Hapa ndipo ningependa kitabu kingekaa zaidi. Amri za lugha hiyo, ambazo sasa ni zaidi ya 6,000, zina majina ya Kiingereza, lakini majina ni jambo dogo. Tazama ujamaa. Aliyeyapanga maarifa akiweka alama moja kwa kaka wa baba na kaka wa mama, kama Kiingereza kifanyavyo, hakuna kanuni itakayoweza baadaye kumtenga mjomba na baba mdogo. Habari imekwisha kupotea. Akiandika “kaka wa mama”, “kaka wa baba”, na nani mkubwa kwa nani, basi mjomba, baba mkubwa, baba mdogo, na hata lile neno moja la Kiingereza, wote hupatikana kwa kanuni fupi. Kutoka penye tofauti nyingi kwenda penye chache kunawezekana. Kinyume chake hakiwezekani. Kwa hiyo lugha zitofautishazo zaidi zingeshauriwa mwanzoni, wala zisingengoja kutafsiriwa mwishoni.

Na gorogoro je? Twaweza kuiandika kuwa takriban kilo 2 za mahindi, mashine ikaigeuza kuwa ratili. Kile kilele anachomwongezea mwuzaji mteja wake hakiandikiki, wala sioni haja ya kujaribu.

Lugha ya Wolfram ni mali ya kampuni. Wikidata, iliyoanzishwa mwaka 2012, imeshika njia nyingine: kila jambo hupewa namba, kisha majina ya lugha zote huambatishwa kwenye namba hiyo, na yeyote aweza kuongeza. Wikifunctions, iliyofunguliwa mwaka 2023, yakusudia kanuni nazo ziandikwe vivyo hivyo, ili sentensi za lugha mbalimbali zitolewe katika maarifa yale yale. Namba pia haikosi upendeleo, maana kuna aliyeamua ni kitu gani kistahilicho namba. Lakini mlango uko wazi, na Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Kuandika kanuni za mjomba na baba mdogo hakuhitaji zaidi ya daftari. Wanafunzi wa sekondari wa Busia au Tororo wataimaliza kazi hiyo kwa vipindi viwili, nao watabishana sana wakifika kwa shemeji na wifi, ambako haitoshi kumjua anayetajwa, bali ni lazima kujua pia kama anayesema ni mwanamke au mwanamume.