Pumzi Ikivuka Kwenda Kijerumani

Neno la Kiingereza breath limebeba mzigo mkubwa: hewa tunayoivuta, uhai wenyewe, mvuto mmoja wa pumzi, hata ukungu unaobaki kwenye kioo ukikipulizia. Kijerumani kimeugawa mzigo huo. Atem ni pumzi yenye mwenyewe. Luft ni hewa. Atmung ni ile kazi ya mapafu anayoizungumzia daktari. Atemzug ni mvuto mmoja, na Hauch ni pumzi nyepesi inayogusa na kupita. Ipo pia Odem, ile pumzi ya uhai aliyopuliziwa Adamu katika Biblia ya Martin Luther, ambayo leo haisikiki sana nje ya maandiko na mashairi. Basi mfasiri akikutana na breath hawezi kupita tu. Lazima kwanza ajue ni nani anayepumua, na mwili wake uko katika hali gani. Wafasiri wanaojiuliza hivyo kila mara nawastahi sana, maana kazi yao ikienda vizuri msomaji hata haioni.

Tuchukue mtu aliyebana pumzi. Kiingereza husema kwa namna moja, Kijerumani kwa mbili. Anayesubiri hukumu mahakamani hubana Atem. Anayezamia baharini hubana Luft, na mgonjwa aliyesimama mbele ya mashine ya eksirei huamriwa vivyo hivyo: Einatmen, Luft anhalten, weiteratmen. Vuta pumzi, bana, endelea kupumua. Hilo neno la mwisho nalipenda. Halimtaki mtu mwenye hofu apumue “kama kawaida”. Linamwambia aendelee na alichokuwa akifanya tangu azaliwe. Lakini Luft hiyohiyo ina mtego. Ukimwambia mtu barazani Halt mal die Luft an, umemwambia apunguze maneno. Mfasiri asiye makini anaweza kumzamisha mtu mtoni kwa amri ya kumnyamazisha mpiga domo.

Riwaya za Kiingereza za siku hizi zina sentensi moja isiyochoka kurudi: mhusika anashusha pumzi ambayo hakujua kuwa alikuwa ameibana. Ukiifuata neno kwa neno, Kijerumani kinakupa vishazi viwili vinavyokanyagana, kila kimoja na kitenzi chake mwishoni. Wafasiri wazoefu huandika Erst jetzt merkte sie, dass sie die Luft angehalten hatte: ni sasa tu alipotambua kwamba alikuwa amebana pumzi. Kule kushusha kumeachwa kabisa, wala hakuna kilichopotea, kwa sababu mtu akishatambua hivyo, mwili wake utaishusha wenyewe. Kujua kipi kiachwe bila kuharibu kitu ni ustadi usiopatikana kwenye kamusi.

Kijerumani nacho kina zawadi zake. Kitenzi atmen hupokea vijineno mbele yake: ein kwa kuvuta, aus kwa kutoa, durch kwa pumzi ndefu ya kutulia, na auf kwa ile ya mtu aliyeondokewa na wasiwasi. Kiingereza hutumia maneno matano kwa hiyo ya mwisho. Zaidi ya ufupi, kijineno hicho hubanduka na kwenda kukaa mwisho kabisa wa kishazi. Tazama: Sie atmete, als die Tür endlich ins Schloss fiel, tief… Mpaka hapo mlango umeshafungwa, mwanamke anapumua kwa kina, na bado hatujui kama amevuta, ametoa au anajituliza. Kisha linakuja auf, nasi tunashusha pumzi pamoja naye. Mwandishi wa Kiingereza hakuwa na nafasi hiyo. Mfasiri anayeiona na kuitumia ameipa sentensi kitu ambacho sarufi ya asili isingeweza kukipa.

Kwenye karatasi za maelezo zinazowekwa ndani ya boksi la dawa, uamuzi huohuo unagusa afya ya watu. Kifua kinachotoa sauti kama mluzi daktari atakiita Giemen, neno ambalo mgonjwa huenda hajawahi kulisikia. Yeye anaandikiwa pfeifende Atmung, kupumua kunakopiga mluzi, aitambue dalili mwenyewe usiku wa manane.

Na yako maneno ambayo mfasiri huyashika kwa mikono inayotetemeka. Tarehe 25 Mei 2020, mjini Minneapolis, George Floyd aliuawa chini ya goti la polisi huku akirudia kwamba hawezi kupumua. Kwa Kijerumani maneno yake yalichapwa kwa namna zaidi ya moja. Kuna walioandika Ich kann nicht atmen, unyayo kwa unyayo na Kiingereza. Wengine waliandika Ich kriege keine Luft, sipati hewa, ndivyo Mjerumani anayekabwa angelia. Mimi nasimama na hii ya pili. Hewa ipo, imejaa barabara nzima, ila yuko anayeizuia.

Mwaka 1969 ulionyeshwa New York mchezo wa Samuel Beckett uitwao Breath. Jukwaani hamna mhusika wala mazungumzo. Takataka zimetapakaa, kinasikika kilio cha mtoto anayezaliwa, pumzi inavutwa mwanga ukiongezeka, inashushwa mwanga ukififia, kisha kilio tena. Hata dakika haiishi. Kwa Kijerumani unaitwa Atem. Atemzug ingelingana na hesabu, maana pumzi ni moja, lakini ndani yake limo neno la kuvuta, na mchezo unataka kuvuta na kutoa vilingane. Hauch ingekuwa nyepesi mno.

Elmar Tophoven, mzaliwa wa Straelen karibu na mpaka wa Uholanzi, alimfasiri Beckett tangu miaka ya 1950, mara nyingi pamoja na mkewe Erika. Huko Paris alikuwa akimsomea Beckett tafsiri zake kwa sauti, naye Beckett alikijua Kijerumani vizuri. Ukisoma kwa macho tu husikii mahali sentensi inapomkata msomaji pumzi. Tophoven aliandika sababu za maamuzi yake kwenye kadi, ili mwenzake aweze kuzifuata au kuzipinga. Mwaka 1978 alishiriki kuanzisha Straelen nyumba ya wafasiri, ambako mgeni hupata chumba, maktaba iliyosheheni kamusi, na wenzake wa kubishana nao juu ya neno moja.