Yai la Bata Mbele ya Tochi

Ganda la yai la bata, liwe jeupe au la kijani hafifu, hupitisha mwanga vizuri kuliko ganda la kahawia la kuku wengi wa kisasa. Anayejifunza kumulika mayai ili ajue yapi yana uhai, na aanze na bata. Ataona wazi mambo ambayo kwenye yai la kuku angeyabahatisha.

Hesabu ya siku za kuatamia ndiyo inayowaponza wengi. Bata kama Pekin huangua baada ya siku 28. Yule mkubwa mwenye nyama nyekundu usoni, aliyezoeleka nyuani kwetu ingawa asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, huchukua siku 35 hivi. Ukimulika mayai ya wote wawili siku ya 7 ukayapima kwa kipimo kimoja, utayadhulumu ya huyu wa pili. Mimi humngoja hadi siku ya 10.

Mulika usiku, chumba kiwe giza totoro. Tochi ya simu yatosha, mradi uizungushie kipande cha boksi mwanga usivuje pembeni. Nawa mikono uikaushe, maana ganda lina vitundu vinavyopitisha hewa, na uchafu hupita humo humo. Upande mnene wa yai, penye chumba cha hewa, ndio ukae kwenye mwanga. Lizungushe taratibu.

Yai lisilo na mbegu hung'aa lote, kiini kikipita ndani kama kivuli cha rangi ya chungwa. Hilo halina ubishi. Lenye uhai lina doa jeusi, na kutoka hapo mishipa ya damu imetambaa kama mizizi ya mche. Wengi wakishaona mishipa huridhika, huliweka yai chini. Bado! Fuata mishipa hiyo hadi nchani. Iliyo mizima ina wekundu mkali, kingo zake zinaonekana wazi, nayo hugawanyika mpaka ikawa nyuzi zisizohesabika. Ukituliza mkono utaona doa lenyewe likitikisika. Mishipa iliyochuja kama wino uliomwagikiwa maji ni dalili mbaya: kiinitete kinashindwa, au kimekwisha kufa. Na ukikuta pete ya damu, yaani damu imejikusanya duara na katikati hamna mishipa tena, litoe yai hilo siku hiyo hiyo. Likibaki kwenye joto litakuwa viza, litajaa gesi, na likipasuka litayachafua mayai mazima yaliyo jirani.

Kazi ngumu ni yai la shaka, lenye kivuli usichoweza kukisoma. Nilipoanza ufugaji nilivunja moja la namna hiyo, nikakuta moyo mdogo mwekundu ungali unapiga. Sijavunja jingine tangu siku ile. Yai la shaka huliwekea alama kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, nikalirudisha mahali pake na kulimulika tena baada ya siku 3 au 4. Kufikia hapo lililo hai limekwisha kuwa na giza kubwa ndani na mishipa yake imeongezeka. Lililokufa limebaki vile vile.

Wala usiharakishe ukidhani yai litapoa. Bata mwenyewe huacha kiota kila siku akaenda kula na kuoga, na mayai yake hayadhuriki. Jipe nafasi ya kutazama.