Klachi Isiyoachia Baada ya Kufungwa Pleti ya Mashindano

Klachi isiyoachia hujitangaza kwenye rivasi. Injini inanguruma, gari liko fri, pedeli imekanyagwa hadi chini, na gia ikisukumwa inasaga meno. Injini ikizimwa, gia hiyohiyo inaingia bila ubishi. Tofauti hiyo inatosha kuiondolea giaboksi sehemu kubwa ya lawama: shafti yake bado inazungushwa na injini wakati ilipaswa kuwa imesimama.

Mfano mzuri ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, iliyotoka mwaka 1989 na kuuzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster. Yenye injini ya lita 1.6 ina klachi pleti ya kipenyo cha milimita 200. Wanaoifunga tabo huitoa pleti hiyo na kuweka ya mashindano, yenye vipande vya unga wa metali uliobanwa na kuokwa, pamoja na presha pleti ngumu zaidi. Gia zikianza kugoma siku hiyohiyo, pleti mpya ndiyo hushikwa uchawi. Mara nyingi inasingiziwa.

Hesabu yenyewe ni ya milimita. Pedeli husafiri sentimita 13 au 14, lakini fimbo ya masta ya chini inayosukuma uma wa klachi hutoka milimita 12 hivi tu, na presha pleti hurudi nyuma kama milimita moja na nusu. Nafasi hiyo ndogo inagawanywa tena kwa pande mbili za klachi pleti. Milimita 2 zikipotea kwenye fimbo, presha pleti imepoteza karibu robo milimita. Sasa presha pleti ngumu inadai shinikizo kubwa zaidi kwenye mafuta ya breki yanayoisukuma. Paipu ya mpira iliyochoka inavimba, mpira wa ndani wa masta ya juu, ile inayosukumwa na pedeli, unavujisha kidogo, hata bati linaloshikilia pedeli linajikunja. Udhaifu wote huo ulikuwapo tangu zamani; springi laini ya presha pleti ya zamani ndiyo iliyouficha.

Kwa hiyo kipimo kinatangulia spana. Katika MX-5 masta ya chini iko nje ya giaboksi, basi kazi hii haihitaji kushusha kitu. Mmoja analala chini ya gari na rula, anachora alama ya chaki kwenye uma. Mwingine anakanyaga pedeli taratibu na kuishikilia. Fimbo ikitoka milimita 8 au 9 tu, tatizo liko kabla ya giaboksi. Ikitoka vizuri kisha ikaanza kurudi polepole huku mguu haujaachia, masta ya juu inavujisha kwa ndani. Pedeli ikipigwa mara tatu za haraka na gia zikaingia, kuna upepo kwenye mfumo na unapaswa kutolewa. Kifuniko cha mpira cha masta ya chini nacho kifunuliwe: kikiwa na unyevu, masta hiyo imekwisha, na kwa gari hili ni ugonjwa wa kawaida kabisa.

Fimbo ikitimiza milimita 12 na rivasi bado inasaga, hapo ndipo giaboksi inashuka. Kosa la kwanza la kutafutwa ni la aibu: pleti iliyofungwa kinyume. Kitovu chake chenye springi kinagusa vichwa vya bolti za flaiwili na kuacha duara linalong'aa. La pili ni pleti iliyopinda kwa sababu giaboksi iliachwa ining'inie kwenye shafti wakati wa kuifunga; mpindo wa milimita moja unakula sehemu kubwa ya nafasi yote. Kitovu kinapaswa pia kuteleza kwa mkono juu ya meno ya shafti, bila kukwama. Beringi ndogo iliyo mwisho wa injini ikiwa imeshika, itaizungusha shafti hata klachi ikiwa imeachia kikamilifu, na hakuna marekebisho ya pedeli yatakayoiponya.

Unene nao una maneno. Pleti nene kuliko ya awali huvisogeza vidole vya springi ya presha pleti kuelekea flaiwili, mbali na beringi inayosukumwa na uma. Flaiwili iliyochongwa huisogeza klachi nzima upande huohuo. Yote mawili yakikutana, uma unaanza safari ukiwa umelala vibaya. Washa nyembamba chini ya nundu ambayo uma unaiegemea huurudisha mahali pake.

Kishawishi cha mwisho ni kurefusha fimbo ya pedeli mpaka mchezo wote uishe. Gia zitaingia siku hiyo, lakini pistoni ya masta ya juu haitarudi nyuma ya kitundu cha mafuta. Mafuta yakipata joto yatakosa pa kwenda, yatausukuma uma yenyewe, na klachi iliyokuwa haiachii itaanza kuteleza.