Hongereni, Wazee wa Kanisa Rungwe

Mwaka 1891 wamisionari wanne Wamoraviani kutoka Ujerumani walifika nchi ya Wanyakyusa. Mmoja wao akafariki mwaka huohuo. Waliobaki wakaanzisha misheni ya Rungwe, chini ya mlima wenye jina hilo. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani, waumini wenyeji hawakutawanyika: waliendelea kusali na kufundishana. Leo wazee wa kanisa bado wanapanda vilima vya Tukuyu kwenye mvua na matope, wakamwombee mgonjwa na kukaa na wafiwa. Kwao, kumtumaini Mungu ni kazi ya mikono na miguu. Wazee wetu, hongereni sana. Nasi mliotufariji, tusiwaachie mzigo huu peke yenu.