Hatari au Kikomo? Uhakiki wa Istilahi za Giligili Zilizovuka Nukta ya Kikomo

Istilahi ya sayansi hupimwa kwa jinsi inavyomwongoza msomaji asiye na kitabu kingine mkononi. Nchini Burundi, ambako sayansi hufundishwa zaidi kwa Kifaransa, mfasiri hukutana na kivumishi critique, chenye kubeba maana ya uhakiki, ya hali mahututi na, katika fizikia, ya nukta ambapo tofauti kati ya kiowevu na gesi hutoweka. Akikifasiri kwa “hatari”, ameteua maana isiyohusika: “giligili ya hatari kuu” itasomwa kama onyo la sumu.

Hali yenyewe, aliyoibaini Charles Cagniard de la Tour mwaka 1822, haina fumbo. Dutu ikivuka halijoto na kanieneo maalumu kwa pamoja, huweza kuwa na densiti inayokaribia ya kiowevu na mnato mdogo unaokaribia wa gesi. Huyeyusha vitu na kupenya vinyweleo. Kwa kaboni dioksidi, viwango hivyo ni sentigredi 31 na takribani angahewa 73.

Mazingira ya Bujumbura yanatosha kufafanua neno “pamoja”. Mchana wa joto mjini hukaribia sentigredi 31, lakini kanieneo haifikii hata angahewa moja. Gesi hubaki gesi. Katika vilindi vya Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, kanieneo hupita angahewa 140, ila maji yana sentigredi 23 hivi. Huko kaboni dioksidi tupu ingekuwa kiowevu. Masharti yote mawili yapo, lakini hayakutani.

Kwa hiyo “nukta ya kikomo” inaishinda “nukta ya hatari”, kwani hutaja mahali mpaka unapokoma. Udhaifu wake usifichwe: kikomo hudokeza mwisho, ilhali dutu huendelea kuwapo ng’ambo yake. “Giligili iliyovuka kikomo” huziba pengo hilo. Ni ndefu, lakini urefu ni gharama ndogo kuliko upotoshaji.

Suala hili si la wanaleksikografia peke yao. Kaboni dioksidi ya hali hii hutumika viwandani kuondoa kafeini katika kahawa mbichi, na kahawa ni miongoni mwa mazao makuu ya biashara ya Burundi. Mshauri wa sera atakayesoma kwamba kahawa hupitishwa katika “gesi ya hatari” ataikataa teknolojia kabla ya kuielewa. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ingefaa kusanifisha kila istilahi ya namna hii pamoja na mfano wa matumizi yake, si neno tupu katika orodha.