Kufuta, Kusamehe, Kuondoa: Uhakiki wa Kiswahili cha Programu Huria za Fedha kwa Kuzingatia Kaberebere na Nakivale

Mijadala ya kuhuisha mifumo kongwe ya kompyuta katika taasisi ndogo za fedha huanza na gharama, na mara nyingi huishia hapo hapo. Programu ya hesabu iliyoandikwa kwa Visual FoxPro, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2015, bado inaweza kuwashwa kila asubuhi na kutoa jibu sahihi; tatizo ni kwamba siku itakapoharibika hakuna wa kuitengeneza. Programu huria hukiondolea chama cha akiba na mikopo ada ya leseni na kukipa haki ya kuusoma msimbo, kuubadilisha na kuusambaza. Hoja hiyo ni ya kweli. Kasoro yake ni kwamba huihesabu lugha ya kiolesura kuwa rangi inayopakwa nyumba ikishakamilika. Makala hii inashikilia kwamba katika mfumo wa mikopo lugha ni sehemu ya hesabu zenyewe, na kwamba tafsiri isiyo na mtunzaji huchakaa sawasawa na msimbo usio na mtunzaji.

Mfano unaofaa kuhakikiwa ni Mifos na kiini chake, Apache Fineract. Mifos ilianzishwa na Grameen Foundation kwa ajili ya taasisi zinazowakopesha maskini. Msimbo wake wa ndani ulipelekwa Apache Software Foundation, ukawa mradi kamili mwaka 2017. Programu yenyewe imepitia uhuishaji inaouahidi kwa wengine: kiolesura chake cha awali kilijengwa kwa AngularJS, ambayo huduma yake ilikoma mwisho wa 2021, na kiolesura kipya kikajengwa kwa Angular. Miongoni mwa mafaili ya lugha ya kiolesura hicho kipya limo faili la Kiswahili, nalo limepewa alama sw-SW. Sehemu ya kwanza ya alama hiyo ni lugha. Ya pili ilikusudiwa kuwa nchi. Tanzania ni TZ, Kenya ni KE, Uganda ni UG, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni CD. Nchi yenye alama SW haipo. Ni Kiswahili cha mahali pasipokuwapo, na jambo hilo dogo linafichua mengi.

Kaberebere ni mahali palipo. Ni mji mdogo wa wilaya ya Isingiro, kando ya barabara itokayo Mbarara, katika eneo la migomba na biashara ya matoke. Katika wilaya hiyo hiyo iko Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyokuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, wanamoishi Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na biashara, kwa hiyo muuza duka wa Base Camp na mkulima Mnyankore wanaweza kufika kwenye kaunta moja. Karani amesoma kwa Kiingereza na nyumbani anazungumza Runyankore. Mteja amekuja na Kiswahili cha Bukavu au Uvira, chenye maneno ya Kifaransa na upatanisho wa ngeli uliopunguzwa. Kiswahili ndicho daraja lao, na kila mmoja ameshika ncha tofauti.

Lichukuliwe neno moja: kufuta. Mfumo wa mikopo una vitendo vitatu ambavyo Kiingereza huvitofautisha kwa maneno matatu. Cha kwanza ni kuondoa rekodi iliyoingizwa kimakosa. Cha pili ni kuhamisha deni lisilolipika kutoka kwenye mali za taasisi na kulihesabu kuwa hasara. Cha tatu ni kumsamehe mkopaji riba au faini. Mfasiri anayepewa orodha ya maneno bila kuuona ukurasa yanapotokea atavutwa kuandika "futa" katika yote matatu, na kamusi haitamkosoa. Mteja anayeiona sentensi "Mkopo umefutwa" ana haki ya kuielewa kama Mswahili yeyote angeielewa: deni limekwisha. Kwa mhasibu, deni lililohesabiwa kuwa hasara bado linaweza kudaiwa. Neno moja limezaa mikataba miwili, na ugomvi utakaofuata hautatatuliwa na fundi wa kompyuta. Kiswahili hakipungukiwi maneno hapa: "ondoa rekodi", "hamishia hasara", "samehe riba" yangetosha. Kilichokosekana ni mtu anayejua vitendo hivyo kabla ya kuvitafsiri.

Riba ina mtego wa namna hiyo hiyo. Fineract humtaka anayeunda bidhaa ya mkopo achague kati ya riba inayokokotolewa juu ya salio linalopungua na riba inayokokotolewa juu ya mkopo wote wa awali hadi mwisho. Hii ya pili ikiandikwa "riba isiyobadilika", karani ataichanganya na kiwango kisichopanda wala kushuka, ambalo ni jambo jingine kabisa. Mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, kwa kiwango cha asilimia 24 kwa mwaka, hudai riba ya shilingi 288,000 kwa njia ya mkopo wa awali. Kwa salio linalopungua, mtaji ukilipwa kwa mafungu sawa, riba ni shilingi 156,000. Shilingi 132,000 zimekaa ndani ya kivumishi kimoja.

Tarakimu nazo zina uraia. Hazina ya kimataifa ya kanuni za lugha iitwayo CLDR inatambua Kiswahili cha nchi zote nne zilizotajwa, na inaeleza kwamba Kiswahili cha Kongo hutenga maelfu kwa nukta na desimali kwa mkato, kinyume cha cha Uganda. Aliyezoea desturi ya Kongo akisoma "150,500" kwenye risiti anaweza kuona mia na hamsini na nusu. Kanuni ya kulitatua hilo imekwisha kuandikwa na iko wazi kwa wote. Alama sw-SW haiwezi kuiita.

Kuhusu upatanisho wa kisarufi hapahitaji maneno mengi. Waandishi wa programu hupenda sentensi yenye nafasi wazi, ambamo jina lolote hupachikwa kabla ya kitenzi. Kiingereza huvumilia, Kiswahili hudai mteja ameondolewa, kikundi kimeondolewa, malipo yameondolewa. Dawa ni kuandika sentensi kamili kwa kila nomino, na dawa hiyo iko mikononi mwa mwandishi wa msimbo kuliko mfasiri. (Mkongo wa Nakivale huenda asikwazwe sana na "imeondolewa" iliyoenea kote, atakayekwazwa ni mwalimu wa Kiswahili.)

Uzoefu wa kanda unapaswa kuwaonya watunga sera. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Lilikuwa tendo la heshima, na istilahi zake zilistahili mjadala mpana kuliko ule wa "kompyuta" na "tarakilishi" ulioteka majukwaa. Lakini kila toleo jipya la programu huleta tungo mpya, na tungo isiyo na tafsiri huonekana kwa Kiingereza. Mwaka 2010 LibreOffice ilijitenga na OpenOffice, na kazi ya kutafsiri ikawa na njia mbili za kufuata. Ufadhili wa kutafsiri mara moja hautoshi pale ambapo kitu kinachotafsiriwa hakisimami.

Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2016 ilipitisha sheria ya kusimamia taasisi ndogo za fedha. Kati ya nyaraka hizo mbili kuna pengo ambalo mshauri wa sera anaweza kuliziba kwa kifungu kimoja katika zabuni: mfumo mpya usikabidhiwe kabla mwanachama hajasomewa ratiba yake ya marejesho katika lugha ya kiolesura na kueleza kwa maneno yake anachodaiwa. Kifungu cha pili ni cha kiufundi lakini kina uzito uleule: kila sahihisho la neno lipelekwe kwenye hazina kuu ya mradi. Karani wa Kaberebere anaweza leo kubadilisha "futa" kuwa "hamishia hasara" katika nakala ya chama chake, na leseni inamruhusu. Toleo lijalo likisimikwa juu ya nakala hiyo, "futa" itarudi mahali pake, pengine siku mteja wa Nakivale amefika kuuliza kama deni lake limekwisha.